Kwa Mwezi Unapata Ngapi?

Ukishuka matatu kituo cha Olympic, Nairobi, unajikuta mpakani. Nyuma yako kuna nyumba za mawe zenye mageti na maji ya mfereji. Mbele yako njia inateremka kuingia Kibera, kuelekea mabati yenye kutu ya Kianda, Soweto Magharibi na Gatwekera. Kwa zaidi ya miaka 20 vijana wa utafiti wamekuwa wakiteremka njia hiyo, mkoba begani na dodoso mkononi. Zamani dodoso lilikuwa la karatasi, siku hizi liko ndani ya simu.

Wanapiga hodi, wanavutiwa stuli, wanaanza. Mtoto alikohoa? Aliharisha? Mara ngapi? Mlimpeleka wapi? Mama hujibu bila kusita, kwa sababu usiku ambao mtoto hakulala haumtoki mzazi akilini. Kisha, karibu na mwisho, linafika swali ambalo mdodosaji mwenyewe huliuliza akiinamisha macho kidogo: kwa mwezi, nyumba hii inapata pesa ngapi?

Mama hucheka. Hutazama paa. Halafu husema neno moja: inategemea.

Inategemea kama kulikuwa na nguo za kufua kule ng'ambo ya Olympic. Inategemea kama baba alipata mjengo, na kama mvua haikusimamisha mjengo huo. Inategemea kama aliyekopa amelipa. Ndilo jibu sahihi kuliko yote ambayo mdodosaji atasikia siku hiyo, lakini dodoso halina kisanduku cha "inategemea". Lina nafasi ya tarakimu. Basi wawili hao husaidiana kukisia, namba huandikwa, na miaka miwili baadaye namba hiyo hukaa ndani ya jedwali kana kwamba ilipimwa kwa mizani.

Swali hilo lina historia ndefu, na neno lenye uzito ndani yake si "pesa". Ni "mwezi".

Mshahara na tikiti

Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi chenye maji baridi, na Nairobi ikaanza. Mwaka huohuo, katika mji wa York huko Uingereza, Seebohm Rowntree, mwana wa ukoo uliotajirika kwa chokoleti, alituma watu wapite nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wafanyakazi. Walifikia familia 11,560 zenye watu 46,754. Rowntree alitaka kujua jambo la afya kabla ya jambo la fedha: je, ujira wa mfanyakazi unatosha kuuweka mwili wake hai na wenye nguvu? Alichukua hesabu za wataalamu wa lishe, akajumlisha chakula, nguo, moto na kodi, akapata mstari. Baba, mama na watoto 3 walihitaji shilingi 21 na peni 8 kwa wiki. Aliye chini ya hapo, hata akipanga matumizi yake namna gani, mwili wake ungelipa.

Kitabu chake kilitoka 1901, na karibu kila kipimo cha umaskini kilichokuja baadaye kina damu yake. Lakini kuna jambo hupitwa haraka. York palikuwa mahali pa ujira. Rowntree hakuhitaji kumuuliza kila mtu anapata ngapi. Mara nyingi alijua baba anafanya kazi gani na kwa nani, akaulizia kwa waajiri au akakadiria. Kipato kilikuwa na anwani, na anwani yenyewe ilikuwa lango la kiwanda.

Kenya ya kikoloni nayo ilijaribu kukipa kipato cha Mwafrika anwani, kwa ukali zaidi. Kuanzia 1919 na 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, karatasi iliyofungiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kuacha, na mshahara. Kazi nyingi zilihesabiwa kwa tikiti ya siku 30. Siku uliyofanya kazi iliwekewa alama, siku uliyokosa haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja tikiti ijae. Mwezi wa tikiti haukuwa mwezi wa kalenda wala wa kuandama. Ulikuwa siku 30 za jasho, hata kama zilichukua siku 40 kupatikana. Hapo ndipo "mwezi" ulipokuwa kipimo cha pesa za mtu, na ulikuwa mwezi wa mwajiri.

Kibera ilikuwa nje ya hesabu hiyo tangu mwanzo. Wakazi wake wa kwanza wa kudumu walikuwa Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles, pamoja na familia zao. Msitu waliopewa waliuita Kibra kwa lugha yao, na mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Askari aliyestaafu hakuwa na tikiti ya kujazwa. Familia ziliishi kwa mashamba madogo, kwa mifugo, kwa kupangisha vyumba na kwa pombe kali iliyojulikana mjini kote kama jini ya Kinubi. Upangishaji serikali iliutazama kwa jicho baya, na jini ilikuwa marufuku. Nani angemwambia ofisa anapata ngapi kwa mwezi kutokana na vitu hivyo viwili? Hivyo desturi ya kulijibu swali la kipato kwa tahadhari ni ya zamani kuliko utafiti wowote wa afya uliowahi kufika pale.

Mshahara wa kapera

Mwaka 1950, kati ya Oktoba na Novemba, idara ya takwimu ya Afrika Mashariki iliwapima vibarua Waafrika wa Nairobi: wanapata nini, wanatumia nini, wanakula nini. Ulikuwa uchunguzi wa kina kwa wakati wake. Hata hivyo jina lake lilionyesha mpaka wake: ulihusu vibarua, yaani wanaume wenye ujira. Mama aliyeuza mboga, binti aliyelea mtoto wa jirani, mzee aliyekuwa na vyumba 3 vya udongo, hao hawakuwa vibarua.

Miaka minne baadaye ilitoka ripoti ya kamati ya mishahara ya Waafrika chini ya F. W. Carpenter. Nchi ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari, na serikali ilikuwa imeanza kushuku kwamba njaa ya mjini ina mkono katika hasira ya mjini. Kamati ilisema kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na robo hivi ya wale wa serikali, walilipwa pungufu ya mahitaji ya lazima ya afya, heshima na nguvu za kufanya kazi. Ikafichua na siri iliyokuwa wazi: mishahara ilikuwa imepangwa kwa mtu kapera. Mke na watoto walidhaniwa wako nyumbani mashambani, wakijilisha kwa jembe. Kamati ilipendekeza mshahara wa mtu mwenye familia.

Tangu hapo tatizo la "mwezi" likapata ndugu, nalo ni tatizo la "nyumba". Katika lugha ya takwimu ya leo huitwa kaya, watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na kula chungu kimoja. Maana hiyo ni nzuri darasani. Njoo nayo Gatwekera. Baba analala hapa siku 25 na Siaya siku 5. Chungu kiko hapa lakini mahindi yametoka kwa bibi. Mtoto mkubwa anasoma kwa mjomba Kawangware, karo analipa shangazi. Kijana wa jirani hula hapa kila jioni na huleta unga akipata. Kabla hujauliza pesa ngapi, lazima uamue ni pesa za nani, na kila uamuzi unabadilisha jibu. Mkoloni alilifumbia macho fundo hili kwa kujifanya kwamba familia haipo. Sisi tumelirithi bila kulifungua.

Wanaofanya kazi na bado ni maskini

Uhuru ulileta wapimaji wa nyumbani. Serikali ilichunguza bajeti za kaya za mjini mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha tena katika miongo iliyofuata. Lakini msukosuko mkubwa ulitoka kwa wageni. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulichapisha ripoti kuhusu ajira na usawa nchini Kenya. Walikuwa wamekuja kutafuta watu wasio na kazi. Walichokuta ni watu wenye kazi tele zisizo na malipo ya maana: mafundi wa chini ya jua kali, wachuuzi, washonaji, wachoma mahindi. Ripoti hiyo ndiyo iliyolifanya jina la sekta isiyo rasmi lienee duniani. Kwa mpimaji wa kipato, maana yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya mji ilikuwa haina lango la kiwanda la kwenda kuulizia.

Kibera nayo ilikuwa inageuka. Ardhi ya Wanubi ilimegwa kujengwa mitaa ya mipango, Olympic ukiwamo, na penye mabonde pakajaa vyumba vya udongo na mabati. Mwaka 1984 mtafiti Philip Amis alionyesha kwamba Kibera haikuwa kambi ya watu waliojijengea vibanda vyao. Ilikuwa biashara kubwa ya upangishaji. Miaka 20 baadaye, uchunguzi wa Benki ya Dunia wa kaya 1,755 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulikuta asilimia 92 ni wapangaji. Tusisahau namba hiyo, tutaihitaji mwishoni.

Kawangware, kilomita chache kaskazini, ilikuwa na hadithi nyingine. Palikuwa ukingoni mwa ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, penye hati za watu binafsi, na wenye hati wakajenga vyumba vya kupangisha. Ukiuliza Kawangware "nyumba hii ni yako?" unaweza kupata jibu la ndiyo lenye karatasi nyuma yake. Ukiuliza Kibera, ndiyo hiyo inahusu kuta na paa tu, kwani udongo ulio chini ni wa serikali. Swali ni moja, mabasi mawili ya mjini yanatenganisha maana zake.

Mwishoni mwa 1989 swali lilitoka kwenye vitabu likaingia dirisha la hospitali. Serikali ilianzisha ada katika vituo vyake vya afya, kwa jina la kuchangia gharama, ikaisimamisha sehemu yake 1990, ikairudisha kuanzia 1992. Maskini wangesamehewa. Lakini maskini ni nani? Sasa mtu alipaswa kuamua, papo hapo, mgonjwa akiwa ameegemea ukuta, kama nyumba yake inapata kiasi gani. Hapo jibu la swali letu liliweza kumfungulia mtu mlango wa daktari au kuufunga.

Kuhesabu runinga badala ya pesa

Mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC chenye makao yake Nairobi kilifanya uchunguzi wa afya katika mitaa ya mabanda ya jiji. Matokeo, yaliyochapishwa 2002, yaliwashtua wengi waliozoea kuamini kwamba mjini ndiko kwenye afya. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai mabandani, 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mashambani walikuwa 113. Nairobi kwa jumla, 62. Wastani wa jiji ulikuwa umewaficha watoto wa mabandani kama shuka jeupe linavyofunika godoro bovu. Ili kuuona umaskini ndani ya mji, watafiti wa afya walihitaji kipimo kinachopenya mlangoni, na cha pesa kilikuwa kimeshindwa.

Jibu lilitoka India, kupitia Benki ya Dunia. Deon Filmer na Lant Pritchett, katika makala yaliyochapishwa 2001, walitaka kujua kama watoto wa matajiri huandikishwa shule zaidi kuliko wa maskini, ilhali takwimu walizokuwa nazo hazikuwa na kipato wala matumizi. Zilikuwa na orodha ya vitu: redio, baiskeli, saa, aina ya choo, aina ya sakafu. Wakafufua hesabu ambayo Karl Pearson aliichapisha London mwaka 1901, mwaka uleule wa kitabu cha Rowntree. Pearson alikuwa ameonyesha jinsi ya kupitisha mstari mmoja katikati ya wingu la nukta ili upotevu uwe mdogo kabisa. Filmer na Pritchett walizifanya kaya kuwa nukta. Mwenye friji aghalabu ana runinga. Mwenye sakafu ya udongo aghalabu hana vyote viwili. Hesabu hupima vitu gani huandamana na vipi hukimbiana, hukipa kila kitu uzito, na kila kaya hupata alama. Panga alama kuanzia chini hadi juu, kata mafungu 5 yaliyo sawa, umepata maskini kabisa hadi tajiri kabisa bila kumuuliza mtu senti moja.

Kwa wadodosaji ilikuwa faraja. Runinga haioni haya. Sakafu haikumbuki vibaya. Na zaidi ya yote, mwezi uliondoka kwenye swali. Mwaka 2004 Shea Rutstein na Kiersten Johnson waliieleza njia hiyo kwa tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinazofanywa katika nchi nyingi, na Kenya imeendelea nayo hadi utafiti wa 2022.

Sasa peleka kipimo hicho chini ya Olympic. Kikiwa kimetengenezwa kwa nchi nzima, kinalinganisha chumba cha Gatwekera na boma la Turkana. Gatwekera kuna stima, hata kama imevutwa kwa njia za panya. Kuna runinga. Kuna bomba la maji hatua chache, la kulipia kila mtungi. Kuna saruji sakafuni. Basi katika hesabu ya taifa wakazi wengi wa Nairobi huangukia fungu la juu kabisa, na mama aliyesema "inategemea" anaweza kujikuta jirani ya matajiri wa nchi. Ni yuleyule ambaye watoto wa mtaa wake walikuwa wakifa zaidi kuliko wa kijijini.

Haikuwa hesabu mbovu. Ilikuwa gorogoro iliyopelekwa duka lisilo lake. Kila anayenunua mahindi sokoni anaijua gorogoro, kopo la kilo 2 linalotumika nusu ya nchi. Kwa mahindi ni haki. Hakuna anayeileta kupimia mafuta ya taa.

Rutstein mwenyewe alilitambua tatizo, na mwaka 2008 akapendekeza mjini na mashambani kupimwe kwa uzito tofauti kabla ya kuunganishwa. Watafiti wa Nairobi walikwenda mbali zaidi, wakatengeneza alama za ndani ya mtaa, jirani kwa jirani. Hapo likazuka jambo jingine. Vyumba vya mabandani hufanana mno, hivyo umbali kati ya fungu la chini na la juu unaweza kuwa sofa, jiko la gesi na runinga. Na runinga ya mabandani ni benki yenye kioo. Mtoto akilazwa, inauzwa. Mtafiti akifika wiki ya pili, anaandika kwamba kaya isiyo na runinga ina mtoto mgonjwa, na anahitimisha kwamba umaskini umeleta ugonjwa. Huenda ugonjwa ndio uliokula runinga.

Kliniki iliyozaliwa na mboga

Gatwekera kuna hadithi inayoeleza yote haya kuliko jedwali. Mwaka 2000 Mmarekani Rye Barcott, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimpa muuguzi Tabitha Festo dola 26. Tabitha alizitumia kuuza mboga, akazungusha faida, na mwaka 2001 akafungua kliniki katika chumba chake mwenyewe. Alifariki 2004, lakini kliniki inaendelea kwa jina lake chini ya shirika lililoanzishwa kwa jina la Carolina for Kibera.

Hebu fikiria mdodosaji angepiga hodi kwake katikati ya hadithi hiyo. Kipato chake kwa mwezi? Mtaji ni kipato? Zawadi ni kipato? Mboga zilizoliwa na wagonjwa? Dawa aliyoitoa kwa deni? Angeandika nini kwenye nafasi ya tarakimu?

Katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walianza kufuatilia magonjwa ya kuambukiza katika Gatwekera na Soweto Magharibi. Watu takriban 28,000 waliandikishwa. Wadodosaji walirudi mlango uleule kila wiki mbili kuuliza homa, kikohozi na kuhara, na waliougua walitibiwa bure katika Kliniki ya Tabitha. Matunda yalikuwa makubwa. Homa ya matumbo, kwa mfano, ilionekana kuwasumbua watu wa Kibera, hasa watoto, kuliko wale wa eneo la mashambani la Lwak karibu na Ziwa Victoria lililofuatiliwa kwa njia hiyohiyo, na ushahidi huo ukaingia katika mjadala wa chanjo.

Angalia walichofanya kuhusu wakati. Kwa ugonjwa walirudi kila baada ya wiki mbili, kwa sababu walijua binadamu husahau homa ya wiki ya tano. Pesa za kibarua husahaulika upesi zaidi. Mia mbili ya Jumatatu imeshakuwa unga, mafuta ya kupima na nauli kabla ya Jumanne. Lakini tafiti nyingi duniani ziliendelea kuuliza pesa kwa mwezi au kwa mwaka, mara moja, na kuondoka.

Tanzania lilifanyika jaribio la kuupima upimaji wenyewe. Mwaka 2007 na 2008 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walichukua kaya takriban 4,000 katika wilaya 7, wakazigawa kwa kura makundi 8, na kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa njia tofauti: orodha ndefu au fupi, wiki moja au mbili au mwezi wa kawaida, kukumbuka au kuandika daftari. Watu walikuwa wa wilaya zilezile, msimu uleule. Umaskini ulipanda na kushuka kufuatana na dodoso. Sehemu ya kile tunachokiita umaskini wa Afrika Mashariki iko ndani ya karatasi ya swali.

Nchini Kenya, kati ya 2012 na 2013, watafiti wa shirika la FSD Kenya na wenzao waliamua kulitupa swali la mwezi. Walizitembelea kaya 300 hivi kwa mwaka mzima, kila baada ya wiki mbili, wakiandika kila shilingi iliyoingia na kutoka. Ripoti yao ya 2014 iliitwa Shilingi Kwa Shilingi, na Nairobi ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Walikuta kaya zenye njia nyingi za kuingiza pesa, zenye vyama, madeni ya duka, mikopo ya jirani na pesa za simu, na kipato kinachoruka juu na chini toka mwezi hadi mwezi. Mama wa Gatwekera angewaambia hivyo kwa neno moja. Lakini safari hii neno lake lilipewa mwaka mzima wa kusikilizwa, na likageuka maarifa.

Gharama yake nayo ilikuwa hiyo: mwaka mzima. Hakuna utafiti wa chanjo utakaotenga fedha za kuandika sukuma wiki ya kila jioni. Ndiyo sababu swali la mwezi halijafa, na ndiyo sababu runinga bado zinahesabiwa. Serikali yenyewe, katika uchunguzi wake mkubwa wa bajeti za kaya, hupima umaskini kwa matumizi, si kwa kipato. Hapo ndipo ulipotoka mstari wa umaskini wa mijini wa shilingi 2,913 kwa mtu mzima kwa mwezi katika uchunguzi wa 2005/06, na 5,995 katika ule wa 2015/16. Mwezi tena.

Simu nayo imefanya mambo kuwa mepesi na magumu pamoja. Tangu M-Pesa ianze 2007 kila muamala una rekodi, na wapo wanaoamini kwamba kipato hatimaye kimepata anwani mpya. Lakini pesa inayoingia kwenye simu yaweza kuwa mchango wa matanga unaopitia mkononi mwako, akiba ya chama unayoitunza, au mkopo. Tangu 2019, kwa Fuliza, mtu hulipa pesa asiyokuwa nayo. Simu inaona mto ukipita. Haijui maji ni ya nani.

Bili

Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF iliyoanzishwa 1966. Chini ya NHIF mtu asiyeajiriwa alilipa shilingi 500 kwa mwezi, awe na kioski au duka la jumla. Sheria mpya ilitaka haki zaidi: kila kaya ichangie asilimia 2.75 ya kipato chake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwenye hati ya mshahara ni kazi rahisi, mwajiri anakata. Kwa wengine wote, yaani sehemu kubwa ya watu chini ya Olympic, kipato lazima kikadiriwe.

Na hapo, baada ya safari ya zaidi ya miaka 100, vifaa vyetu vyote vilikutana kwenye simu moja. Mstari wa Rowntree, mwezi wa tikiti, kaya ya chungu kimoja, wingu la nukta la Pearson. Anayejiandikisha huulizwa kuhusu makao yake, vifaa vilivyojenga nyumba, choo, maji, vitu anavyomiliki. Mtambo unapiga hesabu, unatoa kiwango. Malalamiko yalianza mapema: watu wakiambiwa walipe kiasi ambacho hawakukitambua kuwa chao, tena kwa mkupuo wa mwaka. Baadaye ulibuniwa mpango wa kukopeshwa mchango huo na kuulipa pole pole.

Wazo la kila mtu kuchangia kwa uwezo wake ni jema, na nchi isiyo na hati za mshahara haina njia ya mkato. Lakini alama za runinga na sakafu zilibuniwa kupanga maelfu ya kaya kwa mafungu ili mtafiti aone kama watoto wa fungu la chini wanakufa zaidi. Akikosea kaya moja, au mia, mafungu hubaki yakisema kweli kwa jumla, na hakuna aliyeumia. Kwenye bili hakuna jumla. Kuna mtu mmoja mwenye simu mkononi, na kosa lote ni lake.

Zingatia pia kalenda. Chini ya Olympic riziki huja kwa siku. Chakula hununuliwa kwa kadogo, cha leo leo. Karo huja kwa muhula. Mchango wa bima umepangwa kwa mwaka. Katika maisha yote hayo kuna kitu kimoja tu kinachokwenda kwa mwezi sawasawa, tarehe ikifika hakingoji, na mama anakijua hadi shilingi ya mwisho: kodi ya nyumba.

Ndiyo maana mdodosaji mzoefu, akishaona kimya kimeingia baada ya swali lake, huuliza kwanza mnalipa kodi ngapi. Jibu huja haraka, na kutoka hapo mazungumzo hufunguka. Mtambo wa simu hauna uzoefu huo. Unauliza ukuta ni wa nini, na paa ni la nini, kisha unaandika kiwango. Mama anajibu kweli: mabati, udongo, saruji chini. Vyote ni vya mwenye nyumba.